Ndoo ya Ishirini na Tatu

Habari ya Jumamosi ile kila mtu wa mtaa wetu hapa Newala anayo ya kwake. Kwa mujibu wa dada mmoja wa kidato cha pili, mimi nilipanga hila wiki nzima. Kwa mujibu wa mama yangu, mimi ni mjinga ambaye hata maji ya bure hajui kuyapokea. Nimeamua kuiandika mwenyewe, maana nilikuwepo tangu mwanzo, tena kuna saa nzima ambayo niliyekuwepo ni mimi peke yangu.

Kwanza niseme kwamba mimi siongei. Siyo kiburi, kama baadhi ya walimu wanavyodhani. Maneno ninayo, tena mengi, na daftari hili ni shahidi. Ila yakifika kooni yanakaa pale yanasubiriana, na wakati yanasubiriana mtu mwingine ameshajibu. Shuleni wananiita Picha. Nipo ukutani, naangalia, sisemi. Jina lenyewe halinichukizi sana. Kinachoniumiza ni Hisabati.

Hisabati ilianza kuniacha nikiwa kidato cha pili. Ilinipita kama mtu anayetembea haraka njiani, nikawa naona mgongo wake, halafu hata mgongo sikuuona tena. Kila ilipofika sehemu sijaelewa nilitakiwa kunyoosha mkono, na mkono wangu ni mzito kuliko gunia la korosho. Baba alinipeleka kwenye kituo kikubwa cha tuisheni karibu na soko, kile chenye bango la picha za waliofaulu na spika mlangoni. Tulikuwa zaidi ya mia chumba kimoja. Mwalimu akiuliza, "Tumeelewana?" watu wote wanajibu, "Ndiyooo," na mimi najibu nao. Mtihani uliofuata nilipata alama chache kuliko nilizopata kabla ya tuisheni. Baba alilitazama karatasi lile muda mrefu, kisha akaenda zake shambani Mkunya bila kusema kitu. Kwa kutosema, mimi na baba ni wamoja.

Habari ya mwalimu mpya aliileta binamu yangu wa Masasi, mtoto wa shangazi, kwa simu. Huyo anaongea kwa ajili yetu sote wawili.

"Mmetuibia mwalimu wetu," alisema. "Amehamishiwa huko kwenu. Mtafaidi mpaka mtavimba. Ila anachukua ishirini tu, hazidishi hata ukimlilia."

Nikamuuliza kwa nini ishirini.

"Kwa sababu anasoma daftari la kila mtu. Anakaa nalo hivi, analifunua ukurasa kwa ukurasa, anatafuta mahali ulipopotea. Wewe hunyooshi mkono wala nini. Anakwambia mwenyewe, umepotelea hapa."

Sikulala vizuri siku ile. Mwalimu anayekuona ulipopotea bila wewe kusema. Niliona kama mtu ameniumbia tuisheni yangu peke yangu. Siku mbili baadaye likabandikwa karatasi kwenye ukuta wa duka: wanafunzi ishirini tu, kuandikishwa Jumamosi, saa mbili kamili asubuhi, nyumbani kwa mwalimu, anayewahi ndiye anayepata.

Sasa lazima nieleze jinsi watu wa Newala wanavyowahi. Maji kwetu ni ya kungojea. Bomba la mtaa linaweza kutoka leo, au keshokutwa, na hakuna mwenye nafasi ya kusimama pale siku nzima. Kwa hiyo ndoo ndiyo inayosimama. Unaiweka kwenye mstari, unarudi kufagia, kupika, hata kulala, na hakuna atakayeisogeza. Ndoo yako ni wewe. Tumezoea hivyo hata pasipo na maji. Kituo cha afya watu hupanga ndoo, kwenye mbolea ya ruzuku watu hupanga ndoo. Kwa hiyo karatasi lile lilipobandikwa, hakuna aliyeuliza tutapangaje.

Jumamosi nilitaka niwe wa kwanza. Ila ndoo nzima kwetu ni moja, ile nyingine imetoboka chini, na mama alikuwa ameloweka ming'oko ndani ya hiyo nzima. Ming'oko ni mizizi ya porini, mama huichemsha na kuiuza sokoni. Alisema, "Subiri niitoe, huwezi kuninyang'anya ndoo na biashara imo." Akawa anaitoa mmoja mmoja, anausugua mchanga, anauangalia kama anaujua kwa jina. Mpaka ninafika kwa mwalimu, adhana ya alfajiri imeshapita zamani na kunapambazuka. Ukutani kwa mwalimu nikakuta mstari umejipinda mpaka kwenye mpapai. Nikahesabu kwa kidole. Ishirini na mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kinara wa darasa letu, ndoo ya bluu yenye kifuniko, nani asiyeijua. Nikaweka yangu mwisho, ya ishirini na tatu, nikakaa kwenye jiwe. Wenzangu wote walikuwa wamerudi makwao. Mimi sikuweza kurudi kumwambia mama nimechelewa kwa ajili ya ming'oko.

Mlango ukafunguka. Mwalimu akatoka, kijana tu, amejifunga taulo shingoni, ana mswaki mdomoni. Aliziangalia zile ndoo muda mrefu.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema. Hilo halinishindi, linatoka lenyewe.

"Marahaba. Loo, ninyi watu mnaamka mapema." Akatema povu la dawa ya meno. "Maji, siyo?"

Mwalimu huyu kwao ni Kagera, na baadaye alitueleza kwamba kwao maji yapo mpaka yanachosha. Masasi alikopanga bomba lilikuwa uani. Alipohamia huku, wenzake wa ofisini walimwonya kwamba nyumba aliyopata ina tangi la saruji la kukinga mvua, na mtu mwenye tangi Newala akiwanyima majirani, atasemwa mpaka astaafu. Basi alipoona ndoo zimepangwa mlangoni kwake, alijua siku yake imefika.

Nilitakiwa kusema, "Hapana, mwalimu, ni foleni ya tuisheni." Maneno machache sana. Nilikuwa nayo yote, nimeyapanga. Nikatikisa kichwa, na mpaka leo sijui nilikitikisa namna gani, ila yeye alikiona kama ndiyo.

"Basi njoo unisaidie," akasema.

Akafungua koki. Akawa anajaza, mimi nasogeza. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa mchangamfu, ananiuliza soko liko wapi, kama ni kweli huku watu wanakula panya, na mimi najibu "Ee" na "Mm." Kila ndoo nilisema moyoni, inayofuata nitamwambia. Ilipofika ya nne nikaona sasa nikisema ataniuliza mbona hukusema mwanzo. Ya saba ikawa vibaya zaidi. Mtu mwenye aibu ananielewa: uongo hukuti umeutaka, unakuta umeshakaa ndani yake na mlango umefungwa.

Kufika ya kumi tangi likaanza kutoa sauti ya chini. Huu ni msimu wa korosho, mvua ya mwisho ilinyesha miezi iliyopita, na kilichokuwemo mle kilikuwa ni mabaki. Mwalimu akaliinamia tangi. "Yatatosha?" akajiuliza. Akaendelea. Ya kumi na tano, ya kumi na nane. Ya ishirini na moja maji yalitoka membamba kama uzi. Ya ishirini na mbili ilijaa kwa kudondoka. Tulisimama tunaiangalia, mimi na yeye, kama watu wanaomngoja mgonjwa. Alipofika kwenye yangu, koki ikakohoa, ikatoa tone moja, ikanyamaza.

"Pole, binti," akasema. "Hii ni ya nani?"

"Yangu," nikasema.

Alisikitika kweli. Akaingia ndani, akasema niwaambie wenyewe waje wachukue.

Sikuhitaji kumwambia mtu. Walianza kurudi mmoja mmoja kuangalia nafasi zao, wakakuta ndoo zimejaa. Nani atauliza? Wakajitwisha. Mmoja alisema, "Huyu mwalimu Mungu amlinde, hata hajaanza kufundisha." Kinara alichukua ya bluu bila kuniangalia, akaenda zake anapiga mluzi. Ndani ya nusu saa ukuta ukabaki mweupe, na chini yake ndoo yangu moja, tupu.

Saa mbili kasorobo walikuwa wamesharudi, safari hii kwa miili yao. Walijipanga kama zilivyokuwa ndoo, kila mtu anamkumbuka wa mbele yake. Mimi nikasimama mwisho. Mwalimu akatoka na daftari la kuandikisha na shati lililopigwa pasi. Akasimama.

"Mbona mmerudi? Maji yameisha."

"Tumekuja kuandikishwa, mwalimu," akasema kinara.

"Na zile ndoo?"

"Zilikuwa za foleni."

Mwalimu akakaa kwenye kizingiti polepole. Akaliangalia tangi, akatuangalia sisi. Akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Mimi leo sijaoga."

Hapo watu walicheka. Tulicheka mpaka wa nyuma wakashikana mabega. Na yeye akacheka, huku amejishika kichwa. Kisha akasema, "Haya, nifundisheni. Foleni ya ndoo inakwendaje?"

Kinara anapenda kueleza. Alitoka mbele, akakunja mikono ya shati. "Ni hivi, mwalimu. Ndoo inasimama badala ya mtu. Haisogezwi, hairukwi. Ikishajaa, imetoka. Mwenyewe anaondoka nayo, na akitaka tena anakwenda mwisho. Inayofuata inasogea mbele. Hata mtoto mdogo anajua."

"Ikishajaa imetoka," mwalimu akarudia.

"Imetoka kabisa."

"Kwa hiyo iliyobaki kwenye foleni ni ile."

Akanyoosha kidole kwenye ndoo yangu. Niliona sheria inavyomzunguka kinara na kurudi kumkamata, na watu walipoiona nao, kelele iliyotoka pale nadhani Chilangala waliisikia. "Umejifunga mwenyewe, kaka." "Rudi mwisho na mdomo wako." "Endelea kueleza, tunasikiliza."

Kinara siyo mtu wa kukubali haraka. Akageuka, akaniangalia. "Huyu alikuwepo. Alisogeza ndoo zote. Kwa nini hakumwambia mwalimu?"

Rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja akanitetea kwa nia njema. "Mwacheni Picha. Huyo hata akiumwa na nge hasemi. Mlitaka aongee leo?"

Watu wakaitikia, kweli, kweli, huyo haongei. Na mwalimu akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa imekwisha. Nafasi yangu ilikuwa mkononi, ya kwanza kati ya ishirini, na kilichotakiwa ni mimi kufanya kile ninachofanya kila siku.

Sijui nini kilinisukuma. Labda ni vile mwalimu alivyosikitika kwenye ile koki.

"Mpaka ndoo ya kumi niliona aibu," nikasema.

"Nini? Ongeza sauti," akasema kinara.

"Mpaka ya kumi niliona aibu kusema. Baada ya hapo nilikuwa nahesabu. Nilijua maji yakiisha kabla ya kufika kwangu, nitabaki mimi. Ya ishirini na mbili ilipojaa niliomba yaishe. Nisamehe, mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Yalikuwa maneno mengi kuliko niliyowahi kuyasema mbele ya watu, na yalitoka bila kusubiriana. Nikainama kuchukua ndoo yangu niende.

"Iache hapo," akasema mwalimu. Akafungua daftari lake. "Kwanza, mimi mwenyewe sikuuliza vizuri. Nilikuwa na haraka ya kuwa jirani mwema. Pili, foleni ni yenu na sheria ni yenu, mwenzenu ametueleza vizuri sana." Kinara akaangalia chini. "Namba moja ni huyu. Lakini wewe binti, kila ukija hapa utakuja na chupa moja ya maji ya kwenye tangi, mpaka mvua zianze. Umesikia?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Zimebaki nafasi kumi na tisa, na mimi nimebaki mchafu. Watakaotangulia kurudisha maji yangu, ndio hao."

Hakumaliza. Umati ule ulivyofumuka, viatu viwili vilibaki pale na wenyewe hawapo. Yaliyotokea majumbani niliyasikia baadaye, na huwa najisimulia nikiwa peke yangu nacheka. Maji ya Newala yakishaingia ndani, kuyatoa ni kazi. Mama mmoja alikuwa ameshayamimina kwenye mtungi, akasema ya mtungini hayana historia. Wengine walikimbilia bombani, halikuwa linatoka. Kinara alikuta yake yote yameisha. Mama yake alimwambia, "Nimefulia kanzu ya baba yako. Mpelekee mwalimu kanzu aikamue."

Mimi wakati huo nilikuwa kibarazani, peke yangu na mwalimu. Nilikuwa nimeigeuza ndoo, nimeikalia.

"Daftari," akasema.

Nikampa. Alilifunua kama binamu yangu alivyosema, ukurasa kwa ukurasa, hasemi neno. Nilikuwa naangalia kidole chake. Kilipita kurasa za kidato cha tatu zote, kikarudi nyuma, kikarudi zaidi, kikasimama.

"Hapa," akasema. "Kwenye mabano. Baada ya hapa ulikuwa unanakili tu."

Ilikuwa kweli kabisa. Nilikumbuka hata siku yenyewe, na mwalimu wa siku ile, na mvua. Nilitaka kulia, lakini kwa furaha, kama mtu aliyeambiwa ugonjwa wake una jina. Akaeleza. Sikuelewa, nikamwambia sijaelewa. Akaeleza kwa njia nyingine, nikaelewa nusu. Akafuta ubao mdogo aliouegemeza ukutani, akaanza tena. Ya tatu ikaingia. Niliisikia inaingia. Akanipa maswali mawili, nikapata yote, akanipa matano, nikakosa moja na nikajua mwenyewe kwa nini.

Wakawa wanarudi. Walikuja na ndoo, na madumu, mmoja na sufuria, shati limelowa mbele. Kila mmoja akamimina kwenye tangi, akaandikwa, akageuza chombo chake akakalia. Mama yangu naye akapita, beseni la ming'oko kichwani, anaelekea sokoni. Alisimama pale barabarani.

"Mtaa mzima umepata maji," akasema, hana habari watu wote wanasikia. "Wewe uliyeondoka na ndoo nzima, umeikalia?"

Mwalimu akasimama haraka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Samahani kwa kelele. Huyu wangu umemwandika, au ndiyo amekaa tu?"

"Wa kwanza, mama."

Mama aliniangalia, akamwangalia mwalimu, akaangalia ule ubao kana kwamba unaweza kumthibitishia. Kisha akatua beseni pale kibarazani, akaanza kugawa. Sijawahi kumwona mama anagawa ming'oko. Aligawa na chumvi na pilipili, kwa kila mtu, mwalimu akapewa mara mbili, na aliposhika njia ya sokoni beseni lilikuwa jepesi naye anajisemea peke yake.

Wa ishirini alikuwa kinara. Alikuja na nusu ndoo, nadhani alikopa nyumba tatu. Wawili hawakurudi kabisa, na mmoja alikuja kesho yake, mwalimu akamwandika hivyo hivyo, akasema hesabu yake iliharibika tangu alfajiri. Kinara akakosa mahali pa kukaa isipokuwa karibu yangu. Alikuwa anahema. Mama alikuwa amemwachia ming'oko yake, vipande sita, akavishika kiganjani bila kula.

"Mmefanya nini?" akaninong'oneza.

"Mabano. Yenye alama ya kutoa mbele yake."

"Hayo mepesi. Alama za ndani zinageuka."

"Kwa nini zinageuka?"

Akafikiri. Nikamwona anatafuta. "Zinageuka tu. Ndivyo ilivyo."

"Lete mkono," nikasema. "Una sita. Nakunyang'anya vinne." Nikachukua vinne. "Sasa nimekuonea huruma, nimesema siyo vinne, ni vinne kasoro kimoja. Nifanyeje?"

"Unirudishie kimoja."

Nikamrudishia. "Nilikuwa natoa kwako, lakini hicho kimoja kimekuja kwako. Ndiyo maana kinageuka kuwa cha kujumlisha."

Aliangalia kiganja chake, vipande vitatu. Akaangalia ubao. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Akarudi kwenye kiganja.

"Mimi nimekuwa nakariri hiyo mwaka mzima," akasema polepole. Kisha akanyoosha mkono. "Haya, nirudishie na hivyo vitatu."

Nilikuwa na viwili. Kimoja nilikuwa natafuna.